Ndege ya Sikudhani

Mgeni akifika Ruponda na kumuulizia Sikudhani, huambiwa afuate mlio wa mashine. Mashine yenyewe ni ya kusaga nafaka, inatumia dizeli, na imewekwa kwenye kibanda cha bati nyuma ya maduka. Sikudhani ndiye anayeiwasha, ndiye anayeizima, na mkanda ukikatika ndiye anayeufunga. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa mwili, mwenye sauti nzito kidogo, na kutwa nzima nyusi zake huwa nyeupe kwa unga. Shule aliishia darasa la saba. Kimwera ndiyo lugha ya nyumbani kwao. Kiswahili alikikuta darasani, akakipenda kama mtu anavyompenda rafiki aliyejichagulia mwenyewe.

Hadithi alianza kuzisimulia palepale mashineni, foleni inapokuwa ndefu na akina mama wamechoka kukaa juu ya ndoo zao. Alikuwa akizima mashine ipoe, anasimulia kipande, na pakinoga tu anaiwasha tena. Wanawake walimtukana kwa kicheko, lakini kesho yake walirudi, wengine wamebeba mahindi kidogo tu ili wapate sababu ya kuja. Siku moja Mudrik, kijana mtangazaji wa redio ya kijamii ya Nachingwea, alipita Ruponda kurekodi habari za mvua. Akasikia vicheko kibandani, akaingia na kinasa sauti chake, akasahau habari za mvua. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi alasiri Sikudhani hupanda bodaboda kwenda Nachingwea kusoma hadithi redioni. Huziandika kwenye simu kwa kidole gumba, amekaa juu ya gunia la pumba.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaelekea kuisha, alikuwa katikati ya hadithi ya rubani mmoja aitwaye Masoudi, mtu wa kubuni. Masoudi anarusha ndege ndogo. Anapigiwa simu kwamba kuna mama mjamzito anavuja damu, barabara zimekatika kwa mvua, hana njia nyingine ya kufika hospitali kubwa. Wanampakia, yeye na nesi wake, Teodosia. Wanaruka. Kisha ndege inaanguka; hilo redioni alikuwa ameshalitaja, ilibaki kusimulia jinsi ilivyoanguka.

Na hapo Sikudhani akakwama.

Aliandika, "Ghafla injini ikalipuka, ndege ikaporomoka kama jiwe." Akafuta. Akaandika, "Ndege ikapinduka mara mbili angani." Akafuta tena. Hajawahi kupanda ndege. Ndege alizozijua ni zile anazoziona zikipita juu, akiwa chini ameweka mkono machoni. Huko ndani kunanukaje? Rubani anashika nini? Injini ikizimika, watu wanasikia nini? Hakujua hata moja.

"Dada Siku, wewe shusha tu ndege," Mudrik alimwambia. "Nani atajua? Ruponda nzima nani amewahi kuanguka na ndege?"

"Mimi nitajua," Sikudhani akajibu.

Mudrik alidhani ni ubishi, lakini jambo hilo lilikuwa na mzizi wake. Kaka yake Sikudhani, Hemedy, alikuwa utingo wa lori la korosho, na lori hilo lilipinduka kwenye mteremko njia ya Lindi. Msibani alikuja mtu mmoja, hakuwepo kwenye ajali wala hakupita hapo, akakaa kwenye jamvi akasimulia jinsi Hemedy alivyobanwa, alivyolia, alivyomwita mama yake mpaka sauti ikakauka. Watu wakamsikiliza midomo wazi. Mama yao akaacha kula. Alikonda mpaka wakaanza kumhofia na yeye. Dereva wa lori alipotoka hospitali akaja na magongo yake, akakaa mbele ya yule mama, akamwambia, "Mama, kijana alikuwa amelala. Hakuamka. Hakujua chochote." Mama alilia siku hiyo kuliko siku ya maziko, kisha akaomba uji. Kuanzia hapo Sikudhani aliwachukia watu wanaobahatisha vifo vya wenzao, na hakutaka kuwa mmoja wao, hata kama marehemu ni wa kubuni.

Basi akafunga mashine asubuhi moja, akamwachia mumewe Jamali ufunguo, akaenda uwanja wa ndege wa Nachingwea.

Uwanja ule ni mpana na mkimya, ndege hazitui mara kwa mara. Alimkuta mlinzi amekaa kivulini na chupa ya chai. Sikudhani akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, nina swali. Ndege ikitaka kuanguka, inaanzia wapi kuharibika?"

Mlinzi akaweka kikombe chini taratibu. "Unasemaje?"

"Yaani mtu akitaka ianguke, lakini isionekane ya uongo..."

Hakumaliza. Mlinzi alisimama, akamwambia atangulie mbele, na safari yao ikaishia kituo cha polisi. Njia nzima Sikudhani alijieleza, na kila alivyojieleza mambo yakazidi kuharibika, kwa sababu maneno yake yote yalikuwa ni ndege, mafuta na kuanguka. Kituoni alikaa kwenye benchi, anajiuliza Jamali atapokeaje habari kwamba mkewe amekamatwa kwa kutaka kuangusha ndege.

Afande wa zamu, mwanamke wa makamo, alimuuliza jina na anakotoka. Sikudhani akajibu. Afande akainua kichwa.

"Hebu sema tena."

"Niseme nini, afande?"

"Chochote. Hiyo sauti naijua." Akamkazia macho, kisha akaachia kicheko. "Mungu wangu! Si wewe yule wa Alhamisi? Hivi yule mama mjamzito atafika hospitali?"

"Ndicho kilichonileta uwanjani," Sikudhani akasema, machozi yanamlengalenga. "Sijui kama atafika."

Mlinzi naye, ambaye kumbe humsikiliza kila wiki, akaomba radhi mpaka Sikudhani akaona aibu. Walimnywesha chai. Afande akampa ushauri mmoja: siku nyingine aanze na hadithi kwanza, habari za kuanguka zifuate baadaye. Kisha akamtajia Mzee Kipriani, fundi wa ndege aliyestaafu, anayeishi pale pale mjini.

Mzee Kipriani alikuwa uani kwake, ameigeuza baiskeli kichwa chini, anasugua mnyororo kwa mswaki. Ni mzee mfupi, miwani imefungwa kwa uzi kisogoni. Safari hii Sikudhani alianza na hadithi. Mzee alisikiliza bila kuacha kusugua, mpaka aliposikia anachoombwa.

"Binti," akasema, "nimetengeneza ndege maisha yangu yote zisianguke. Leo unakuja kwangu nikusaidie kuiangusha?"

"Nataka nijue inavyoanguka kweli, mzee wangu. Nisiwadanganye watu."

"Na imeangushwa na nini hiyo ya kwako?"

Sikudhani akasita. "Nilifikiri labda fundi alikuwa mlevi."

Mzee akauweka mswaki chini. Hakugomba. Aliugeukia tena mnyororo wake, na hilo likamuumiza Sikudhani kuliko kama angegombwa. Akaaga, akatoka. Alikuwa ameshafika barabarani aliposikia akiitwa.

"Ni ndege ya aina gani?"

"Ndogo."

"Ndogo si aina. Injini ngapi? Mabawa yako juu ya mlango au chini? Imetoka wapi, na imebeba watu wangapi? Rudi hapa."

Akarudi. Wakakaa mpaka alasiri, na siku nyingine akaja tena, na nyingine tena. Mzee hakumfundisha kama mwalimu. Alikuwa kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea, akimlazimisha Sikudhani atafute pamoja naye. Alimwambia la kwanza kabisa kwamba ndege ikizimika injini haiporomoki. Bado ina mabawa. Inashuka kwa kuteleza, kama ndege ya karatasi iliyorushwa vizuri, na rubani ana muda wa kufanya mambo. Muda mfupi, lakini upo.

"Kwa hiyo yuko hai, anafikiri, anafanya kazi," Sikudhani akasema.

"Anafanya kazi mpaka magurudumu yaguse. Hiyo ndiyo hadithi yako. Ukimfanya apige kelele tu, umemwonea."

Wakatafuta sababu. Mzee alipotaja maji kwenye mafuta, Sikudhani akaruka. Hilo alilijua kwa masikio yake. Mwaka fulani mashine yake iliwekwa dizeli ya pipa lililolala nje masika nzima. Ilisaga vizuri, kisha ikakohoa, ikashika, ikakohoa, ikafa. Mzee akafurahi, akapiga goti lake kwa kiganja.

"Ni vilevile! Maji ni mazito, yanakaa chini ya tangi. Ndiyo maana kabla ya kuruka rubani anakinga mafuta kidogo kutoka chini ya kila bawa, kwenye kikombe kinachopitisha mwanga, anatazama. Petroli ya ndege hizi ni ya bluu. Maji hayana rangi, yanakaa chini yake kama jicho."

"Masoudi hakutazama?"

"Wewe niambie."

Sikudhani alitembea na swali hilo siku nyingi. Alimchukia Masoudi asiyetazama. Kisha akaanza kuiona ile asubuhi ilivyokuwa. Mvua. Mama anavuja damu. Ndugu zake wanalia, mwingine anamvuta rubani shati. Masoudi anakinga mafuta bawa la kushoto, ni safi. Anazunguka kwenda la kulia, na hapo nesi anaita, mgonjwa anazimia. Anakimbilia machela kusaidia kupakia. Akiona mgonjwa yuko ndani, anapanda. Bawa la kulia halikutazamwa. Wanaruka kwa mafuta ya tangi la kushoto, kila kitu kizuri. Wakiwa njiani, kama kawaida yake, anageuza kwenda tangi la kulia.

Alipomsomea mzee, mzee alivua miwani. "Hapo hakuna mlevi," akasema polepole. "Hapo kuna mtu mwema. Ila mpe mawingu ya chini. Akiwa juu sana atarudisha tangi la kushoto na injini itawaka tena. Mawingu yamlazimishe kupita chini, akose muda."

Kitu kimoja tu mzee hakuweza kumpa: yale anayoyasikia rubani mwenyewe, kwa kuwa hakuwa rubani. Hilo lilikuja na ndege iliyoleta madaktari wa macho. Mzee alimtumia ujumbe, Sikudhani akazima mashine watu wakiwa foleni, akaja mbio na unga nywele nzima. Rubani alikuwa Valentina, mwanamke wa miaka kama thelathini, nywele fupi, mcheshi. Madaktari walikuwa hospitalini, ndege inasubiri. Alisikiliza ombi, akamtazama mgeni wake juu mpaka chini.

"Dada, panda. Kaa upande wangu kabisa, pale nikaapo."

Sikudhani akakaa. Kulinuka petroli, ngozi ya viti na vumbi la joto. Kioo kilikuwa karibu kuliko alivyofikiri, na pua ya ndege ilikuwa imeziba karibu nusu ya kile alichotaka kukiona. Valentina akaegemea mlangoni.

"Fumba macho. Injini imezima. Unasikia nini?"

"Watu wanapiga kelele."

"Hapana. Kwanza ni kimya. Umezoea mngurumo mpaka huusikii tena, kisha unaondoka. Unausikia upepo kwenye mabati. Unasikia mtu akipumua nyuma yako. Sasa fanya kitu."

Bila kujua, Sikudhani akavuta usukani kwake.

"Umekufa," Valentina akasema, bila mzaha. "Kila mwili unataka kuvuta, ili usishuke. Ukivuta unapoteza mwendo, mabawa yanaacha kubeba, na hapo ndipo inaporomoka. Unatakiwa kusukuma. Ardhi inakujia, na wewe unaielekezea pua. Hilo ndilo tunalojifunza mpaka mkono ufanye wenyewe."

Sikudhani akasukuma. Akauliza kuhusu mahali pa kutua, na Valentina akamweleza kwamba mikorosho ukiiona kutoka juu inavutia, imejaa majani kama godoro, lakini ndani kuna mashina. Bora shamba la mazao mafupi, uso kwa upepo. Unazima mafuta, unazima umeme kuzuia moto. Unafungua mlango kabla ya kugusa, kwa sababu bodi ikijikunja mlango hautafunguka tena. Unawaambia watu wafunge mikanda na wainame.

"Na watu wanapona?"

"Ukiishusha vizuri, wengi wanapona. Usiue wote, dada. Watu wanadhani ndege ikianguka basi. Si kweli."

Ukabaki uwanja wa kuangukia. Sikudhani alichagua Narung'ombe, upande wa Ruangwa, akaenda mwenyewe kuutafuta. Mkulima mmoja, Abdala, alimkuta amesimama katikati ya ufuta wake unaoanza kukomaa, anageuka huku na huku, anapima upepo kwa ncha ya ushungi.

"Mama, umepoteza kitu?"

"Hapana, kaka. Natafuta mahali pa kuangushia ndege."

Abdala akatazama juu. Hakuona kitu. "Kwenye ufuta wangu?"

Akamweleza. Abdala akafikiri sana, ameegemea jembe, kisha akamwambia kwa uzito wote kwamba anakubali, ila ardhi ya upande ule huwa inalainika baada ya mvua, hata baiskeli inazama. Sikudhani akasimama hapo akaona mwisho wa hadithi yake. Ndege ingegusa vizuri. Kisha gurudumu la mbele lingezama, na ndege ingepinduka chali.

Wasikilizaji walikuwa wamesubiri wiki kadhaa. Alhamisi ya kuisoma ajali ilipokaribia, Mudrik alimwonyesha ujumbe wa wasikilizaji. Nusu walikuwa na hakika kwamba mke mwenza wa yule mama ameiroga ndege. Wengine walisema rubani alikunywa.

"Dada Siku, wape mganga hapo, hata kidogo," Mudrik alisihi. "Watapagawa."

"Hakuna mganga. Kuna haraka na huruma, basi."

"Watakuchukia."

"Wanichukie."

Alasiri hiyo Mzee Kipriani alikuja studio amevaa shati la kola, akaketi kwenye kona akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza injini. Sikudhani akasoma. Akasoma lile tone lisilo na rangi. Akasoma mkono wa Masoudi ukigeuza tangi, kukohoa kwa injini, kisha kile kimya. Akasoma jinsi Masoudi alivyorudisha tangi la kushoto, akajaribu kuwasha, akakosa, na jinsi alivyosukuma pua chini huku mwili wake wote unakataa. Aliiacha mikorosho kushoto, akachagua ufuta. Akapaza sauti mara moja tu: "Mikanda! Inameni!"

Teodosia alikuwa amefungua mkanda wake kitambo, amepiga magoti sakafuni, anamkandamiza mama damu isitoke. Alisikia amri. Aliutazama mkanda wake, akautazama mkono wake ulipokuwa. Hakuuondoa.

Ndege iligusa, ikakimbia, ikazama, ikapinduka. Masoudi alitoka amevunjika mkono. Wakulima walimtoa mama akiwa hai, na mtoto alizaliwa siku hiyo hiyo. Teodosia hakuamka.

Sikudhani alipomaliza, aliizima simu yake akaiweka mezani. Mudrik alisahau kuweka muziki. Redio ya Nachingwea ikakaa kimya mpaka watu majumbani wakagonga redio zao wakidhani betri zimeisha. Kisha simu zikaanza kuita. Mzee mmoja kutoka Ruangwa aliuliza kwao nesi ni wapi, yeye na wenzake wa msikitini wanataka kwenda kuhani. Mudrik alipomweleza kwamba ni hadithi, mzee akasema, "Sawa. Lakini wapo wa namna hiyo," akakata simu. Kuhusu mganga na mlevi, hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza.

Mzee Kipriani alimsubiri nje ya mlango. "Nilikuja kutafuta kosa," akasema. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akapanda baiskeli yake akaondoka.

Wiki chache baadaye ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa Valentina, upepo unavuma nyuma yake. Alikuwa kiwanja kingine, mbali. Alisema ameipata ile sehemu kwa mtu aliyeirekodi. Alisema yeye hukinga mafuta ya mabawa yote mawili siku zote, ndiyo kazi, lakini asubuhi hiyo abiria walikuwa wakimharakisha, na alipozunguka kwenda bawa la pili alimkumbuka Teodosia, akaona kazi hiyo ndogo ni kubwa kuliko alivyowahi kuiona. "Asante, dada," akasema. Sikudhani aliusikiliza ujumbe huo mashineni, akaurudia, kisha akampa simu mwanamke aliyekuwa mbele ya foleni ili naye asikie.

Sasa anaandika hadithi ya tembo wanaoingia mashambani. Juzi alionekana Ruangwa mjini, kwenye ofisi ya wanyamapori, amekaa kwenye kiti cha mbao na unga kwenye nyusi, anamuuliza askari wa wanyamapori tembo akiwa karibu kabisa, gizani, mtu husikia nini kwanza. Askari alisema hajawahi kuulizwa swali hilo. Akavuta kiti chake karibu, akafikiri, akaanza kumweleza.